Uzi wa walimu wa ajira mpya: anza na uamuzi mmoja ulio ndani ya darasa lako

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu walimu, na wote mnaopita hapa.

Wiki iliyopita shuleni kwetu tulipokea walimu watatu wa ajira mpya. Siku ya pili mmoja wao, binti wa Kemia na Biolojia, alinifuata nikiwa nasahihisha madaftari, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, samahani, hapa mnafundishaje?" Nikamwomba anifafanulie. Akasema, "Nataka nijue hapa inatakiwa nifundishe vipi, nisije nikaharibu."

Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka. Huyu binti amesoma chuo kikuu miaka mitatu, amekwenda mazoezi ya kufundisha mara mbili, amepita usaili wa Sekretarieti ya Ajira uliowashinda wengi. Lakini alipovuka geti la shule, cha kwanza alichotafuta ni mtu wa kumwambia namna ya kufanya kazi aliyoisomea. Simlaumu hata kidogo. Nami niliuliza swali hilohilo mwaka 2015, nikajibiwa kwa neno moja: "Notisi." Yaani maelezo ya kunakili kutoka ubaoni.

Naomba niwasimulie, halafu nanyi mseme yenu, kwa sababu naona tunawapoteza walimu wazuri katika mwaka wa kwanza huku wakiwa bado wapo kazini. Wanaripoti kila siku, wanasaini kitabu cha mahudhurio, lakini ndani wameshaacha kuamua chochote.

Nilipangiwa shule ya kata, mbali kidogo na makao makuu ya wilaya. Wakati wetu majina yalitoka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, moja kwa moja, unaona jina lako na shule, unafunga safari. Nilifika na begi na godoro. Siku ya tatu nikakabidhiwa Biolojia Kidato cha Kwanza, mikondo ya A na B, na juu yake Jiografia ya Kidato cha Tatu ambayo sikuisomea kabisa. Mwalimu wa taaluma akanipa boksi la chaki, kitabu kimoja cha kiada na maelekezo yaliyonyooka: kila Ijumaa nakagua madaftari, nataka kuona notisi.

Basi nikawa mwalimu wa notisi. Nilikuwa naingia, najaza ubao, nafuta, najaza tena, kengele inalia. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, Kidato cha Kwanza B pekee ilikuwa na wanafunzi 83, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Notisi zilinifaa. Darasa linatulia, mtaaluma anaridhika, nami naonekana mchapakazi.

Siku iliyonigeuza ilikuwa Alhamisi, kipindi cha saba, jua limechachamaa. Tulikuwa kwenye mada ya huduma ya kwanza. Jumanne yake nilikuwa nimejaza ubao mara mbili: kuzimia, kuungua, kutokwa na damu puani, vyote kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Walinakili, nikakusanya, nikaweka tiki ukurasa baada ya ukurasa.

Sasa Alhamisi hiyo kijana mmoja wa nyuma akaanza kutokwa na damu puani. Wenzake wawili wakamrukia. Mmoja akamshika kichwa akakivuta nyuma mpaka uso ukatazama dari, mwingine akachomoka kwenda kuchota maji ya kumwagia utosini. Kijana akaanza kukohoa, damu inamshukia kooni. Nikaenda nikamkalisha, nikamwinamisha mbele, nikambana pua pale kwenye nyama laini chini ya mfupa, nikamwambia apumue kwa mdomo. Tukakaa hivyo kama dakika kumi mpaka damu ikakata.

Alipotulia nikachukua daftari la yule aliyemvuta kichwa. Ukurasa uleule, mwandiko mzuri kuliko wangu, na tiki yangu nyekundu pembeni. Ameandika kila kitu: mgonjwa aketi, ainame mbele, abanwe pua. Nikamwuliza, sentensi hii ina maana gani kwa Kiswahili? Akainamisha macho. Nikauliza darasa zima. Katika watoto 83, mikono iliyonyooshwa ilikuwa minne.

Usiku ule niliwasha taa ya sola nikakaa na daftari la maandalio mpaka chaji ikaisha. Nilikuwa nimewafundisha watoto kuchora herufi. Na kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila mtu aliyekagua kazi yangu alikuwa ameridhika nayo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaamua kitu kimoja, katika mkondo mmoja, wa B. Dakika kumi za mwanzo wanakaa wawili wawili, wanaelezana kwa Kiswahili wanachokijua kuhusu mada, au wanaigiza. Kisha naandika maneno sita au saba ya Kiingereza ubaoni, tunayatamka, tunayapa maana. Kisha kila mtoto anaunda sentensi zake tatu, mbovu au nzuri, zake mwenyewe. Notisi zinakuja mwisho, fupi. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo kurasa zilipungua sana.

Ijumaa ya pili nikaitwa ofisini. Mtaaluma amepanga madaftari mezani katika mafungu mawili. Akasema, "Mwalimu, watoto wa A wana kurasa tisa. Watoto wa B wana nne. Hawa wa B wamekukosea nini?"

Walimu wapya, nawaomba msome hapa polepole, kwa sababu siku kama hiyo itawafikia. Moyo ulikuwa unanidunda. Nilikuwa katika mwaka wa majaribio, sijathibitishwa kazini, na nilijua mapendekezo ya kuthibitishwa yanaanzia kwa mkuu wa shule. Ningeweza kusema "samahani, nitarekebisha", na mambo yangeisha pale. Ningeweza pia kubishana naye mbele ya wenzangu kwamba mbinu zake zimepitwa na wakati, na pengine ningekuwa sahihi, lakini nisingefundisha tena kwa amani pale shuleni.

Kilichoniokoa ni vitu viwili nilivyokuwa navyo mkononi. Kwanza andalio la somo, lililoonyesha kila kipindi mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini. Pili kidaftari cha senti chache nilichokuwa naandika kila Alhamisi: wangapi wameweza kueleza kwa maneno yao, wangapi hawakuweza. Nikamwonyesha, nikamwomba kitu kimoja: mkondo wa A na B wapewe jaribio moja, alitunge yeye, nisilione kabla.

Akalitunga. Katika maswali ya kujieleza, B walikwenda vizuri kuliko A. Katika maswali ya kuoanisha na kujaza nafasi, A waliwazidi B kidogo. Nilimpelekea matokeo yote mawili bila kuficha la pili. Akayaangalia kwa muda, akasema: "Endelea. Ila notisi zitimie." Tukakubaliana kiranja wa taaluma aziandike ubaoni wakati wa maandalio ya jioni, mimi nitampa zikiwa tayari. Muhula uliofuata nikafanya hivyo kwa A pia.

Ndiyo hadithi yote. Hakuna tuzo niliyopewa. Lakini kuanzia siku ile nilijua kwamba katika shule hii kuna kitu kinachoamuliwa na mimi, na kwamba naweza kukitetea.

Watu wakisikia mwalimu kujiamulia, wanadhani ni ukaidi, au ni kufanya unavyotaka. Mtaala si wako, ratiba si yako, mtihani ni wa NECTA, Baraza la Mitihani. Lakini ndani ya dakika 40 kuna maamuzi mengi ambayo hakuna waraka wowote uliokunyang'anya: nani aanze kusema, swali la kwanza liwe lipi, nani amekaa wapi, unasahihisha nini na unaacha nini. Na karatasi za serikali ziko upande wako kuliko ofisi ya walimu inavyodhani. Mtaala wa sekondari umekuwa ukitaka ujuzi tangu 2005, na ule ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unazungumzia umahiri karibu kila ukurasa. Mwalimu anayejaza ubao mpaka kengele ilie ndiye aliyetoka nje ya mtaala. Soma muhtasari wa somo lako mwenyewe. Usisimuliwe.

Kuna jambo lingine litakalokufikia hata kabla ya ukaguzi wa madaftari: fimbo. Wiki yangu ya pili mwenzangu mmoja aliniwekea fimbo mezani, kwa nia njema kabisa, akasema bila hii watakupanda kichwani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kumbukumbu iandikwe kitabuni. Nikamjibu kwa upole, "Kaka, sina barua ya mkuu, siwezi." Sijawahi kuiomba hiyo barua mpaka leo.

Nilipata tabu, sitawadanganya. Miezi miwili kelele za B zilisikika mpaka jikoni. Aliyenivusha ni mama mmoja wa Kiswahili, mtu mzima, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alikuja akasimama mlangoni dakika tano, akaondoka. Jioni akaniambia: "Mwanangu, unawaita 'wewe wa nyuma'. Hawa wana majina." Nikachora ramani ya madawati, nikaandika majina yote, nikaibandika ndani ya jalada la andalio. Ilinichukua wiki tatu kuyashika majina 83. Kelele hazikuisha, lakini zilipungua kufikia kiwango cha kufundishika.

Nimeandika kirefu. Walimu wapya, semeni mnayokutana nayo. Wakongwe, tusaidieni.

Nyota ya Bonde

Asante sana mwalimu, nimesoma mara mbili. Mimi nina miezi mitano kazini, shule ya msingi, Darasa la Tatu, wanafunzi 112 kwenye chumba kimoja. Huko sekondari angalau mtu anaingia na kutoka. Mimi ninao tangu asubuhi.

Kwetu kila Ijumaa ni jaribio la kuandika, linatoka ofisi ya taaluma, shule nzima. Nasahihisha 112 mara masomo. Nikimaliza, Jumatatu imefika. Nimejaribu kufikiria ni kipi hasa ninachokiamua mimi, sijakiona. Hata mahali pa kupita katikati ya madawati hakuna. Naomba unisaidie kwa mfano wa msingi, siyo wa sekondari.

Kipindi cha Nane

Mleta uzi, naheshimu uzoefu wako, lakini unawatwisha vijana mzigo usio wao. Mwalimu mpya hana nyumba, amekopa nauli ya kuripoti, mshahara wa kwanza umechelewa, anakula kwa mangi wa dukani kwa daftari la madeni. Unamwambia aamue, aandike takwimu, amtetee mtoto. Kwanza alipwe, apate pa kulala. Mambo ya kujiamulia yatakuja yenyewe mtu akishiba.

Kalamu Nyekundu

@Kipindi cha Nane, kuhusu maslahi sikupingi hata nukta. Nami niliwahi kulala ndani ya stoo ya vitabu miezi miwili. Tudai nyumba, tudai stahiki, na tusiache.

Ila kwa niliyoyaona, hayaji yenyewe. Ninao wenzangu waliojenga, wana usafiri, wamepanda madaraja, na bado wanafundisha kwa notisi zilezile za 2015, karatasi imekuwa ya njano. Mazoea ya mwaka wa kwanza yanaganda upesi sana. Ndiyo maana nasema hata yule mwenye njaa abaki na kitu kimoja kidogo cha kwake darasani, kwa faida yake yeye kabla hata ya watoto. Kilichonifanya nisiache kazi miezi ile ya stoo ni ile B.

@Nyota ya Bonde, nitakurudia. Swali lako linahitaji mtu wa msingi, na mimi si wa msingi. Wapo humu.

Baba Tausi

Mimi ni mkuu wa shule, naomba nisikike bila kurushiwa mawe.

Mnatuona tunabana. Ni kweli tunabana. NECTA waliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini kwenye vikao vya wilaya wastani wa shule bado unasomwa, na mkuu aliye chini anasimama kujieleza mbele ya wenzake. Ukitoka kwenye kikao cha namna hiyo, cha kwanza unachotaka ni kitu cha kuhesabu: vipindi vimefundishwa vingapi, notisi zimefika ukurasa gani. Kurasa zinahesabika, uelewa hauhesabiki kirahisi. Ndiyo asili ya ule ukaguzi wa Ijumaa.

Kwa hiyo mwalimu mpya akija kwangu na wazo, nauliza vitu vitatu tu: unalijaribu kwa nani, kwa muda gani, na nitajuaje kama limeshindikana. Akiwa na majibu namruhusu hapohapo. Akija na "nilisoma chuo kwamba", najua wiki mbili atakuwa amechoka. Kijana mmoja aliniomba asisahihishe madaftari yote kila wiki, asahihishe 20 kwa kina na kuzungumza na wenye nayo, kisha 20 wengine wiki ijayo. Nikamwambia jaribu mwezi mmoja. Sasa idara nzima ya Hisabati inafanya hivyo.

Na wakuu wenzangu mnaosoma: mwalimu mpya akikosea kwenye jaribio lake, msimsemee kikaoni. Muiteni pembeni. Ukimwaibisha mmoja mbele ya wenzake umewanyamazisha wote wapya waliomo ukumbini.

Mzee Kengele

Hamjambo wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, zao la UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nilimaliza darasa la saba, wala sikuota ualimu, Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote wasome, walimu hawakuwepo, tukachukuliwa sisi. Tulikuwa tunafundisha na kujifunza wakati huohuo, mkufunzi anakuja kituoni, mengine kwa redio na kwa masomo ya posta. Nilisimama mbele ya darasa nikiwa na umri wa baadhi ya kaka zao.

Nataka kusema jambo ambalo mleta uzi hakuligusa. Sisi tulikuwa na uhuru mwingi mno. Vitabu hakuna, kwa hiyo kila kitu niliamua mimi. Nilifundisha hesabu kwa vizibo vya soda na mbegu za mihogo, wazazi wakanisifu. Lakini miaka miwili mizima nilifundisha kugawanya sehemu kwa njia isiyo sahihi, kwa sababu mimi mwenyewe niliielewa vibaya, na hakuna aliyeingia darasani kwangu kuniona. Mkufunzi alipokuja kuketi nyuma siku moja, akanyanyuka taratibu, akaomba chaki, akafanya mfano mmoja ubaoni kana kwamba anasaidia tu. Nikaona kosa langu. Mpaka leo nawakumbuka watoto wa ile miaka miwili kwa majina.

Kwa hiyo vijana, jiamulieni, lakini mwite mtu akuangalie. Msifunge mlango.

Kalamu Nyekundu

Shikamoo Mzee Kengele. Umenigusa, na umesema kweli, hili nililipita. Yule mama wa Kiswahili aliyesimama mlangoni dakika tano alinifaa kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Bila yeye ningekuwa nimeamua peke yangu na kupotea peke yangu.

Chemsha Bongo

Hapo kwa Mzee ndipo MEWAKA ilipaswa kuingia. Kwa wasioijua, ni mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wa shule moja wanakaa katika jumuiya ya kujifunza, wanachukua somo au mada ngumu, wanapanga pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanaangalia, wanarudi kuzungumza. Taasisi ya Elimu imeandaa moduli. Wazo ni zuri sana.

Nilivyoona mimi, kuna shule zinazoifanya kwa kusaini mahudhurio, kupiga picha, kutuma kwenye kundi la kata, basi. Shuleni kwetu ilikuwa hivyo mpaka wapya wawili walipoomba waiongoze. Walianza na swali moja: "Leteni swali la mtihani ambalo watoto wenu wote wamekosa." Watu walileta, tukakaa mpaka saa kumi na moja jioni bila kujua. Mwalimu wa miaka 20 kazini akakiri kwamba mada ya mgawanyo wa seli inampa shida, akafundishwa na mtoto aliyetoka chuo mwaka jana. Hakuna aliyecheka.

Ajira mpya, ombeni kuongoza hiyo jumuiya. Wakongwe wengi hawaitaki kwa kuwa wanaiona kazi ya ziada, kwa hiyo hakuna atakayekunyima.

Mwalimu wa Ng'ambo ya Mpaka

Salamu kutoka Kenya. Mimi hufunza JSS, ile sekondari ya chini iliyoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi. Wengi wetu tuliingia kama walimu wa intanshipu kwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato, kandarasi ya mwaka, na mwaka 2024 tukagoma tukitaka ajira ya kudumu.

Nilitaka kuongezea hivi: ni vigumu kuamua ukiwa hujui kama mwaka ujao utakuwepo. Mimi nilisomea Kemia, nikapewa hadi Sanaa na Michezo na Kilimo. Tuko chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kufunza Gredi ya Saba, naye hana makosa, mfumo ndio ulimweka hapo. Kilichotusaidia ni walimu wa JSS wa shule saba za karibu kuungana. Tunagawana masomo ya kutayarisha, mimi natayarisha Sayansi Jumuishi kwa wote, mwingine Kilimo kwa wote. Sasa kila mmoja anaamua vizuri kwa lile analolijua, na mengine anaazima akili ya mwenzake. Hatukumngoja mtu atuunganishe.

Mama wa KKK

@Nyota ya Bonde, mimi ni wa msingi, miaka 14 madarasa ya chini. Nisikilize mdogo wangu.

Jaribio la Ijumaa huwezi kuliondoa, liache. Jiulize jambo moja: katika hao 112, ni wangapi hawawezi kusoma sentensi? Hutajua kwa jaribio la kuandika, maana asiyejua kusoma anapata sifuri kwenye Sayansi, sifuri kwenye Hisabati, sifuri kila mahali, na wewe unasahihisha sifuri nane za mtoto mmoja ukidhani ni matatizo manane.

Fanya hivi. Wakati wengine wananakili zoezi, ita watoto sita kila siku, mmoja mmoja mezani kwako, asome sentensi mbili. Nusu dakika kila mmoja. Weka alama tatu tu: anasoma, anasuasua, hasomi. Usimkaripie. Wiki nne utakuwa umewapitia wote. Ukishakuwa na hiyo orodha ndipo uende kwa mwalimu mkuu. Sasa hivi ukienda utaonekana unalalamika, ukienda na orodha utakuwa unaomba kazi.

Nyota ya Bonde

Asante dada. Naanza Jumatatu.

Nyota ya Bonde (wiki tano baadaye)

Wapendwa, nimerudi. Sijui kama uzi huu bado unasomwa.

Nimemaliza kuwasikiliza. Nilikuwa nafanya saba au wanane kwa siku nikiweza, wengine wanakuwa hawapo. Waliopo kwenye orodha ya "hasomi" ni 31. Kati yao wapo tisa ambao hawajui herufi zote, na wawili nadhani hawaoni ubao vizuri, nimewahamishia mbele na nimemwandikia mzazi wa mmoja.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na daftari. Nilikuwa natetemeka. Alisoma majina yote kimya, akafika kwa mmoja akasema, "Huyu ni mjukuu wa jirani yangu, nilidhani anajua." Hakuniuliza tena kitu. Ameniruhusu Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa moja baada ya vipindi, niwe nao 31 chini ya mwembe, na mtaaluma amekubali hao wasifanye jaribio la Ijumaa mpaka muhula uishe, badala yake niwapime kusoma. Mtaaluma alikuwa mgumu mwanzoni. Nilitumia maneno ya Baba Tausi, nikamwambia kwa nani, kwa muda gani, na kama Novemba hawajasogea nitawarudisha kwenye jaribio.

Jana tulifanya silabi za "ma" na "ba" kwa kadi. Mvulana mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake alisoma "mama", akageuza kadi nyuma kuangalia kama kuna neno lingine.

Naomba msaada kwenye kitu kidogo. Kadi nimekata kwenye maboksi ya biskuti, lakini pale chini ya mwembe kuna unyevu, zimeanza kulegea na wino unachujuka. Mnatumia nini?

Mama wa KKK

Hongera sana mdogo wangu. Acha maboksi ya biskuti, ni mepesi. Zungukia maduka uombe katoni za sabuni za mche, ni ngumu. Andika kwa makapeni, siyo kalamu ya kawaida, halafu funika pande zote mbili kwa seloteipu pana. Zangu zina mwaka wa tatu. Ukiweza tandika turubai.

Baba Tausi

Turubai lipo stoo shuleni kwangu, lilibaki kwenye mahafali. Niandikie faragha uko wilaya gani, nitalipakia kwenye basi.